Siri Iliyochapishwa: Makungwi na Ufichuaji wa Unyago katika Afrika Mashariki, 1903–2013

Ikisiri

Kwa zaidi ya karne moja unyago umeandikwa, umerekodiwa, umepigwa picha na kupandishwa jukwaani, ilhali wanawake wanaoumiliki wameendelea kuuita siri. Makala haya yanauliza makungwi walifanya nini pale siri yao ilipotolewa hadharani. Ushahidi unatokana na maandishi ya wakati wa ukoloni, tafiti za kihistoria kuhusu Mombasa, Masasi na Unguja, pamoja na msamiati wa unyago wenyewe. Hoja inayojengwa ni kwamba mwitiko wao mkuu ulikuwa kuuhamisha mpaka wa siri: kutoka kwenye kitu hadi kwenye maelezo ya kitu hicho, na kutoka kwenye maneno hadi kwenye haki ya kuyasema. Hoja hiyo inagusa moja kwa moja namna nyimbo za unyago zinavyokusanywa na kuchapishwa katika vyuo vikuu leo.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Mkusanyaji wake alikuwa Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, na sehemu kubwa ya maandishi ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo. Miongoni mwa mambo yanayoelezwa humo ni unyago wa wasichana. Maelezo hayo ni ya mapema sana katika nathari ya Kiswahili iliyochapwa, na kila mtafiti wa jando na unyago huyarejelea. Jambo moja husahaulika kirahisi: aliyeyaandika ni mwanamume, na kwa kanuni ya unyago wenyewe hakupaswa kuyajua.

Historia ya unyago imekuwa historia ya waliofichua. Majina yao yako juu ya majalada: Velten, Weule, Cory, Richards, Strobel, Fair. Waliofichuliwa hutajwa kwa jumla, kama makungwi, kina mama, wazee wa kike. Hata pale ambapo mtafiti alikuwa mwangalifu na mwenye heshima, swali lililoulizwa lilikuwa unyago una nini ndani yake. Ni mara chache kuulizwa wenyewe walilipokeaje tendo la kuandikwa.

Kwa madhumuni ya makala haya, unyago unachukuliwa kuwa na sura mbili. Kwa msichana aliyevunja ungo ni chuo, mahali anapofundwa usafi, adabu, mwili wake na maisha ya ndoa. Kwa wanawake waliokwisha kuchezwa ni chama. Kina viongozi wenye daraja, ambao huitwa kungwi, somo, nyakanga au manyakanga kulingana na mahali. Kina ada, miiko, nyimbo na ngoma zake. Na mlangoni pake huingia aliyepitia tu. Sura ya kwanza imeandikwa sana. Ni sura ya pili inayotishika siri inapovuja, kwa kuwa chuo kinaweza kuendelea na mtaala unaojulikana na kila mtu, lakini chama ambacho kila mtu anajua yaliyomo ndani yake kina kazi ya kueleza kwa nini bado kina mlango.

2.0 Siri ndani ya msamiati

Kabla ya kufika kwenye matukio, inafaa kusikiliza lugha. Maneno unyago na kinyago yana mzizi mmoja, -nyago, na yanatofautishwa na viambishi vya ngeli tu. Kinyago kilikuwa sanamu au sura ya kuchonga iliyohusishwa na mafunzo hayo, kitu cha kutisha asiyejua na cha kufundishia anayejua. Leo mtu hununua kinyago Mwenge, Dar es Salaam, akakifunga kwenye gazeti na kusafiri nacho. Neno limeingia sokoni pamoja na kitu chake, na watumiaji wengi hawasikii tena undugu wake na unyago. Methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi imebaki kama kumbukumbu ya wakati ambapo tofauti kati ya anayeogopa na asiyeogopa ilikuwa ni kujua nani alikichonga.

Sarufi nayo inaeleza mengi. Mwari hachezi unyago, huchezwa. Hafundi, hufundwa. Vitenzi vinavyomhusu viko katika kauli ya kutendwa, naye hupata kauli ya kutenda pale tu anapopanda daraja na kuwa mchezaji wa wengine. Asiyechezwa huitwa msungo katika baadhi ya maeneo, na kumwambia mtu mzima kwamba hakufundwa ni tusi zito pwani yote. Matamshi haya hufanywa mbele ya wanaume na watoto bila kificho. Kwa hiyo kuwapo kwa siri kunatangazwa hadharani. Kinachofichwa ni kilichomo. Usemi kuvunja ungo una tabia hiyohiyo. Kila mzungumzaji anajua unarejelea nini, na wachache sana wanaweza kueleza ungo huo ni upi na kwa nini unavunjika.

Georg Simmel, katika insha yake ya 1906 kuhusu jamii za siri, aliona kwamba siri huwajengea wenye nayo hadhi mbele ya wasionayo, na hadhi hiyo haitegemei sana uzito wa kinachofichwa. Beryl Bellman (1984), aliyechunguza Poro miongoni mwa Wakpelle wa Liberia, alikwenda mbali zaidi. Aliona kwamba mara nyingi wasio wanachama wanayajua yanayofichwa, na kwamba siri ni kanuni ya usemaji: inaamua nani ana ruhusa ya kusema anachokijua, kwa nani, na kwa maneno gani. Mtazamo huu unalingana na unyago kuliko ule unaoiona siri kama sanduku lenye vitu ndani. Unasaidia pia kueleza jambo ambalo lingeonekana la ajabu, yaani kwamba miaka zaidi ya 100 ya kuchapishwa haikuufuta unyago.

3.0 Kalamu ya mwanamume

Mtoro alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Wanafunzi wa chuo hicho walikuwa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliojiandaa kwenda Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kitabu kiliandikwa kwa ajili yao. Mwandishi alikuwa msomi wa Kiislamu wa mrima, mwenye jicho kali kwa desturi za watu wake, na nathari yake ina utulivu ambao waandishi wengi wa baadaye hawakuufikia. Hakejeli wala haombi radhi. Anaeleza unyago kwa sauti ileile anayoeleza harusi, mazishi au kilimo.

Utulivu huo ndio wenye tatizo. Kwa kuwa mwanamume hakuingia unyagoni, alichokiandika lazima kilipitia kwanza kinywani mwa mwanamke, au kilikusanywa kutokana na sehemu za sherehe zilizofanyika nje ambako ngoma ilisikika na msafara ulionekana. Njia zote mbili zilikuwa na kichujio. Mwanamke anayemsimulia mwanamume, awe mume, kaka au mwana, huamua mwenyewe aishie wapi. Na sehemu ya sherehe inayofanywa mbele za watu ilikusudiwa kuonwa. Kwa maneno mengine, nathari inayoonekana kama ufichuaji kamili inaweza kuwa nakala ya yale ambayo wanawake wenyewe walikuwa radhi kuyaachia. Wasomaji wengi wa Desturi wamekuwa wakipima ukweli wa Mtoro kwa kumlinganisha na wanaume wengine walioandika baada yake. Kipimo hicho hakifai, maana wote walisimama upande mmoja wa ukuta.

Makungwi wa Bagamoyo hawakuwa wasomaji wa kitabu kilichochapwa Göttingen kwa tahajia ya Kijerumani. Ukimya wao kuhusu kitabu hicho si ushahidi wa kuridhika wala wa kushindwa. Unaonesha tu kwamba ufichuaji una mahali pake: jambo lililofichuliwa Berlin lilikuwa bado limefichwa Bagamoyo. Wakati tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka mwaka 1981, andiko lilisafiri tena, safari hii kwenda kwa wanaanthropolojia na wanahistoria, na bado halikuwa limerudi kwa walioelezwa ndani yake.

Inafaa kumweka Mtoro kando ya Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Utendi huo nao ni mafunzo ya mwanamke kwa msichana kuhusu dini, adabu na ndoa. Lakini ulitungwa kwa maandishi ya Kiarabu na mwanamke wa tabaka la juu, ukanakiliwa, ukahifadhiwa majumbani, na mwaka 1934 ukachapishwa na Alice Werner na William Hichens. Hakuna aliyesema siri imevuja. Mafunzo ya bibi mwungwana yalikuwa fasihi tangu yalipotungwa. Mafunzo ya kungwi, ambaye Mombasa na Unguja mara nyingi alikuwa na asili ya utumwa, yalikuwa desturi za kufichuliwa. Mgawanyiko huo bado unaonekana katika mitaala, ambamo Mwana Kupona husomwa katika kozi ya ushairi na nyimbo za unyago huwekwa kwenye fasihi simulizi, kama vile moja lina mtunzi na nyingine zimeota zenyewe.

4.0 Santuri na msalaba: kusini mwa Tanganyika

Mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa haujapoa, Karl Weule alisafiri Lindi, Masasi na nyanda za Makonde akiwa na kamera, mashine ya kurekodi sauti na mashine ya kupiga picha za sinema. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1908. Hapo kwa mara ya kwanza ufichuaji ulikuwa wa sauti na mwendo, sio wa maneno pekee. Hata hivyo mashine ilinasa kile kilichosikika na kuonekana, nayo maana ilibaki kwa waliokuwa wakicheza.

Tofauti hiyo iliwasumbua zaidi wamisionari wa Masasi. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa huko mwaka 1926, anajulikana kwa jaribio la kuugeuza jando kuwa ibada ya Kikristo. Kwa upande wa wavulana jaribio lilishika, kwa kuwa mapadri na walimu Waafrika waliosaidia kulisanifu walikuwa wametahiriwa wenyewe na walijua nini cha kubakiza na nini cha kuacha. Kwa wasichana mambo hayakwenda hivyo. Terence Ranger (1972), aliyeichunguza historia hiyo, anaonesha kuwa upande wa wanawake ulikuwa mgumu zaidi kugeuzwa. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: ili kusafisha kitu sharti ukijue, waliokijua walikuwa wanawake wazee, na hawakuwa na haraka ya kuwaeleza mapadri. Mwanamke Mkristo angeweza kuhudhuria kanisani Jumapili na bado binti yake akachezwa na bibi yake.

Hapo ukimya unaonekana kama kitendo chenye matokeo. Wanaume wa Masasi walisema, na jando lao likabadilishwa mikononi mwao. Wanawake hawakusema.

5.0 Mombasa: kushutumiwa kwa Kiswahili

Ufichuaji wa Wajerumani na wamisionari ulikuwa katika lugha na mahali pa mbali. Miaka ya 1930 Mombasa ilishuhudia wa aina nyingine, ulioandikwa kwa Kiswahili na mtu wa mji huohuo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah kuanzia 1932, na katika juhudi zake za kuamsha Waislamu alishutumu mila alizoziona kinyume cha dini, zikiwamo ngoma za wanawake. Kwake kuitaja desturi hadharani kulikuwa njia ya kuiondoa. Siri ambayo imeanza kujadiliwa gazetini na msikitini haiwezi tena kujitetea kwa kusema haijulikani.

Margaret Strobel (1979) ameonesha kuwa sherehe za makungwi Mombasa zilibebwa hasa na wanawake wenye asili ya utumwa, na kwamba lelemama, ngoma ya vyama vya wanawake, iliwakutanisha wanawake wa tabaka mbalimbali katika mashindano ya mavazi, karamu na nyimbo za kupigana vijembe. Lelemama ilijua ufichuaji kwa ndani. Chama kimoja kiliweza kutunga wimbo uliomwanika mwanamke wa chama kingine bila kumtaja jina, na mji mzima ukamtambua. Wanawake hawa basi hawakuwa watu walioshtuliwa na wazo la aibu ya hadharani. Walikuwa mafundi wake. Walichokuwa nacho ni kanuni za kuitumia: fumbo badala ya jina, wimbo badala ya hotuba, jibu katika ngoma itakayofuata.

Shutuma za gazeti hazikufuata kanuni hizo, na jibu halikuja kwa gazeti. Ngoma ziliendelea kwa miaka, zikapungua polepole, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya nguvu zake zilikuwa zimehamia kwenye vyama vya wanawake Waislamu vilivyodai elimu na haki mbele ya serikali. Ni rahisi kuisoma historia hiyo kama ushindi wa wanamageuzi. Lakini Strobel anaona mwendelezo: stadi za kuendesha chama, kukusanya michango na kusimamia daraja zilitoka ngomani. Kilichoachwa ni jina na ngoma. Kilichobebwa ni chama.

Baadaye Strobel na Sarah Mirza walikusanya simulizi za maisha za Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na toleo la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, likafuata mwaka 1991. Tarehe hiyo ya pili ina uzito wake. Andiko lilirudi kwa lugha ya waliosimulia, likiwa na majina yao, na hivyo kila msimulizi alisema akijua kwamba binti za majirani wangeweza kumsoma. Simulizi ya namna hiyo lazima ipimwe kwa viwango viwili, kile inachosema kwa mtafiti na kile inachokubali kusikika mtaani. Tangu Mtoro, huu ulikuwa ufichuaji wa kwanza wa aina yake ambamo mfichuaji na mfichuliwa walikuwa mtu mmoja, na mpaka wa kusema uliwekwa na mwenye siri.

6.0 Jukwaani

Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilianzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962 na ngoma zikatafutwa mikoani kwa ajili ya jukwaa la taifa. Sindimba ya Wamakonde ilipata umaarufu mkubwa, pamoja na malalamiko kuhusu viuno vyake. Mjini Dar es Salaam jina la ngoma ya unyago, msondo, likawa mtindo wa bendi ya NUTA Jazz, na bendi hiyo, baada ya kubadilisha majina pamoja na chama cha wafanyakazi kilichoimiliki, ikaishia kuitwa Msondo Ngoma. Wanaume waliocheza dansi ya msondo Jumamosi usiku hawakuwa wamechezwa unyago, na hakuna kungwi aliyepoteza kitu kwa dansi hiyo. Jina lilitoka peke yake.

Suala la Unguja lilikuwa zito zaidi. Huko, baada ya hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa mwaka 1897, unyago ulikuwa mojawapo ya mahali ambapo wanawake waliotoka bara, Wayao, Wanyasa, Wazaramo, Wamakonde na wengineo, walijijengea udugu mpya wa Kizanzibari. Laura Fair (1996) anaueleza kwa undani. Kuchezwa pamoja kulimpa mwanamke asiye na ukoo visiwani watu wa kumzika na kumtolea binti yake. Aliyevunja siri ya unyago wa namna hiyo hakuchezea maneno tu, alichezea undugu ambao watu walikuwa wameupata kwa shida.

Ndani ya urithi huo alikuwamo Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Ulimwengu ulimjua kama mwimbaji wa taarab aliyezifuata nyayo za Siti binti Saad, lakini kwa wanawake wengi wa Unguja alikuwa kwanza mwalimu wa unyago. Alipopata tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na filamu kumhusu ikatoka mwaka 2006, picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya bibi kizee amesimama, msondo umefungwa kwa kanga kiunoni, anaupiga kwa mikono miwili. Chombo cha ndani kilikuwa kimetoka nje, na aliyekitoa alikuwa mwenyewe.

Hakukosa walaumu. Lawama zilichanganya mambo mengi: sigara, kichwa wazi, umri, pombe, na ngoma hiyo. Hata hivyo inastahili kuangaliwa kwa makini ni nini hasa alichokionesha. Jukwaani mwari hakuwapo. Mpangilio wa usiku mzima, ambamo wimbo mmoja hufungua njia ya mwingine, haukuwapo. Vitu vya kufundishia havikuwapo, wala maelezo yanayoambatana navyo. Kilichobaki ni mdundo, sauti, na nyimbo ambazo fumbo lake lilikuwa bado limefungwa. Msikilizaji wa Ulaya alisikia muziki. Mwanamke wa Ng'ambo aliyekuwa ukumbini alisikia kitu kingine, naye hakuwa na sababu ya kumweleza jirani yake. Katika maelezo yake kwa wageni Bi Kidude aliuzungumzia unyago kama mafunzo ya wasichana, jambo la kweli ambalo hata Mtoro alishalisema.

Ufundi huu si wa Bi Kidude peke yake. Saida Yahya-Othman (1997) ameonesha jinsi jina la kanga linavyomwezesha mwanamke kusema jambo kali mbele ya kila mtu na kubaki na uwezo wa kukana kwamba amesema. Maneno yamechapwa kwa herufi kubwa. Anayelengwa hajaandikwa popote. Jamii iliyozoea kusoma kanga inajua kwamba kuonekana na kufahamika ni mambo mawili, na kungwi aliyepanda jukwaani alikuwa akitegemea ujuzi huo.

Hapa pana hasara pia, na wasomi wanaopenda kusifu ujanja wa fumbo huipita haraka. Fumbo hudumu iwapo yupo wa kulifumbua. Kadiri wasichana wachache wanavyochezwa, ndivyo nyimbo zilizopandishwa jukwaani zinavyobaki na wasikilizaji wa aina moja tu, wale wanaosikia mdundo. Siri iliyohifadhiwa kwa kutofafanuliwa inaweza kufa huku kila mtu akiendelea kuiimba.

7.0 Kicheni pati na kiambatisho cha tasnifu

Mwaka 1956 vilitoka vitabu viwili vinavyofaa kurejewa hapa. Hans Cory alichapisha utafiti kuhusu sanamu zinazotumika katika mafunzo ya jando na unyago Tanganyika, kila sanamu na wimbo wake na funzo lake. Audrey Richards alichapisha Chisungu, kuhusu unyago wa Wabemba aliouona mwaka 1931 katika Rhodesia ya Kaskazini. Cory anampa msomaji hisia kwamba kila kitu kina maana yake moja, kama kamusi. Richards anaonesha jambo lenye kutatiza zaidi: maelezo ya kitu kilekile yalitofautiana kwa daraja la anayeeleza, na kiongozi wa sherehe alijua tabaka za maana ambazo wanawake wa kawaida, waliochezwa kama yeye, hawakuzijua. Sanamu za udongo zilizofinyangwa kwa kazi kubwa zilivunjwa mara zilipokwisha kuoneshwa. Zilizobaki katika makumbusho ni zile ambazo, kwa kanuni, zilipaswa kuwa vigae.

Tasnifu zinazoandikwa leo kuhusu nyimbo za unyago katika vyuo vya Afrika Mashariki zimefuata njia ya Cory kuliko ya Richards. Mwanafunzi hukusanya nyimbo 30 au 40, huzipanga kwa dhamira, huandika maana ya kila moja, kisha huziweka zote mwishoni kama kiambatisho. Mara nyingi mtafiti ni binti wa eneo lenyewe na makungwi wamempokea kama mtoto wao. Pengine alichezwa nao. Kauli ya kutendwa inapogeuka kuwa ya kutenda kwa njia hiyo, mwari hupanda daraja kwa cheti cha chuo bila kupitia ngazi za unyago, na haki ya kueleza huhamia kwake. Fomu ya ridhaa inayotiwa sahihi au dole gumba huuliza kama msimulizi anakubali kurekodiwa. Haiulizi kama ana mamlaka ya kuutoa wimbo huo, wala ni nani mwingine angepaswa kuulizwa.

Makungwi nao wana njia zao. Katika kicheni pati, sherehe iliyoenea mijini tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20, kuna kadi za mwaliko, ukumbi, mshereheshaji na mpiga picha za video. Kungwi huja kwa malipo, hufunda mbele ya wageni 100 au 200, na baadhi yao husikika redioni. Wazee hulalamika kwamba unyago umeuzwa. Lakini katika familia nyingi bibi arusi hukaa na somo wake faraghani kabla au baada ya ukumbi, pasipo kamera, na huko ndiko mambo yanakosemwa. Katrina Daly Thompson (2011), aliyechunguza mafunzo ya wanawake katika harusi za Waswahili, anaonesha kuwa mamlaka ya anayefunda hujengwa katika utendaji wenyewe, mbele ya wanawake wanaomkubali. Video haina wa kumkubali mtu.

Wahariri na wasimamizi wa tasnifu wanaweza kuanza na mabadiliko madogo. Kila wimbo uandikiwe ulitolewa na nani mwenye daraja gani, katika sehemu gani ya sherehe, na mbele ya nani. Maelezo ya maana yahusishwe na aliyeyatoa, na yanapotofautiana tofauti ibakizwe. Pale kungwi anaposema hilo halisemwi, kauli hiyo iingizwe katika data kwa maneno yake na mahali pake, kwa kuwa inaonesha mpaka ulipo mwaka huo, katika mji huo. Na pale anapotaka jina lake liwekwe kama mtunzi, liwekwe kwenye jalada, mahali ambapo mwaka 1903 palikuwa na jina la Velten.